Shahada ya siasa na mapenzi ya namba: chuo, taasisi huru, ofisi ya takwimu au mashirika?

Kuna swali moja nimeliuliza kwenye kaya nyingi kuliko nilivyowahi kusalimia majirani zangu: katika miezi 12 iliyopita, ulilazimika mara ngapi kutoa hongo, zawadi au fadhila ili upate huduma kwenye kituo cha afya? Afrobarometer, wanaofanya tafiti za maoni ya wananchi barani Afrika, wanalo katika dodoso lao kwa maneno ya karibu na hayo, na tafiti nyingine nyingi zimeliazima. Siku moja wilayani Iramba, mkoani Singida, nililiuliza nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mama mwenye nyumba akipepeta uwele. Akajibu hapana, hajawahi. Nikabonyeza "hapana" kwenye kishikwambi, nikashukuru, nikaondoka. Alinifikia chini ya mwembe.

"Mwanangu, na ile ya soda ya nesi nayo inaingia humo?"

Sikuwa na jibu. Mwongozo ulitutaka tusome swali kama lilivyoandikwa, bila kufafanua. Jibu lake likabaki hapana.

Vijana wanaomaliza shahada ya Sayansi ya Siasa na Utawala wa Umma wakija kuniuliza waelekee wapi, kama wanataka kazi ya kupima utawala na hali ya jamii, huanza na mshahara. Siwalaumu, mwenye njaa hana miiko. Lakini mshahara utaujua siku ya kusaini mkataba, na hakuna atakayekueleza mapema mambo mengine ambayo ndiyo yatakayokukera au kukufurahisha kwa miaka 20. Kwa hiyo mimi huwapa kazi: lichukue swali la yule mama, ulipitishe milango minne iliyopo, uangalie nani analitunga, nani analilipia, na nani anashika kalamu ya mwisho kabla namba haijatoka nje.

Chuoni: swali ni lako, muda si wako

Mlango wa chuo una kizingiti cha wazi. Vyuo vikuu vya Tanzania, kwa miongozo ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, vinataka GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza ili uajiriwe mkufunzi msaidizi, na 4.0 ya shahada ya uzamili ili uwe mhadhiri msaidizi. Ukiwa na 3.7 na akili ya kutisha, pole sana. Baada ya hapo kuna ngazi: mhadhiri, ambayo kwa kawaida inadai uzamivu, kisha mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa. Kila ngazi inapandwa kwa machapisho.

Ndani ya mlango huu peke yake ndipo swali la yule mama linaweza kukaa miaka mitatu bila mtu kukuuliza ripoti iko wapi. Soda ya nesi ni hongo? Ukianza kulichimba unajikuta kwenye historia yetu ya kisheria. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ya Tanzania ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa wapiga kura. Ilipofika 2006 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vinakiuka katiba. Kwa miaka sita, kitendo kilekile kilikuwa ukarimu mbele ya sheria na hongo machoni pa jirani aliyekosa. Sasa mwambie mdodosaji asome neno "zawadi" kama lilivyo, halafu utegemee mtu wa Singida, wa Tanga na wa Pemba wasikie kitu kimoja. Mwanasayansi wa siasa wa chuoni analipwa ili asumbuliwe na jambo kama hili. Mwingine yeyote analipwa ili alivuke.

Shida ni kwamba fedha za kwenda Iramba hazipo. Utakuwa na darasa la wanafunzi mamia, mitihani ya kusahihisha, vikao vya idara, na wanafunzi wa uzamili wanaokutumia sura ya pili saa sita usiku. Data utaipata kwa wengine. Wahadhiri wengi wazuri ninaowajua hawajakusanya data yao wenyewe tangu walipomaliza uzamivu, wanachambua iliyokusanywa na taasisi. Si aibu, ila ujue mapema.

Vipindi vya neema huwa vinakuja. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na REDET, mpango wa utafiti na elimu ya demokrasia ulioanzishwa mwaka 1992 kwenye idara ya Sayansi ya Siasa, uliofanya kura za maoni na kufuatilia chaguzi. Kizazi kizima cha wachambuzi tunaowasikia redioni kimepitia humo kwa namna fulani. Lakini mpango wa aina hiyo husimama kwa ufadhili, na ufadhili una msimu kama embe.

Kalamu ya mwisho hapa wameshika wahakiki usiowajua wa jarida lililoko Uingereza au Marekani. Watakurudishia makala baada ya miezi minane wakikuomba uongeze marejeo. Kabla ya hao kuna kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi na teknolojia: COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, na ukivuka bahari kwenda Unguja kuna utaratibu wa Zanzibar peke yake. Kisha barua ishuke mkoani, wilayani, kwenye kata, mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji ambaye ataisoma mara mbili na kukuuliza kama umekuja na mradi wa maji.

Taasisi huru: unakwenda mwenyewe, na lawama unabeba mwenyewe

Huu ndio mlango nilioingilia mimi, kwa hiyo punguza chumvi kidogo katika sifa nitakazotoa.

Afrobarometer ilianza mwaka 1999 kwa ushirikiano wa wanasayansi wa siasa watatu: Michael Bratton wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Robert Mattes aliyekuwa Idasa, taasisi ya demokrasia huko Afrika Kusini, na E. Gyimah-Boadi wa Ghana. Mtazame huyo wa tatu kwa makini kama unatafuta njia. Alikuwa profesa wa siasa Chuo Kikuu cha Ghana, Legon, akashiriki kuanzisha CDD-Ghana, kituo cha utafiti wa demokrasia, mwaka 1998, kisha akawa mmoja wa waasisi wa utafiti ulioanza na nchi 12 na sasa unafika nchi zaidi ya 35. Kwa hiyo milango hii minne haijafungwa kwa kufuli, mtu anaweza kuwa na mguu mmoja chuoni na mwingine kwenye taasisi. Kwa Tanzania mshirika wa utafiti huo ni taasisi ya utafiti ya REPOA, na kwa Kenya ni Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kazi yenyewe iko hivi. Sampuli ya Tanzania huwa watu wapatao 2,400. Maeneo ya kuhesabia watu yanachaguliwa kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha ya sensa, na kila eneo linatoa mahojiano manane, kwa hiyo timu zinafika maeneo kama 300 nchi nzima. Msimamizi anachagua mahali pa kuanzia, wadodosaji wanne wanaelekea pande nne, kila mmoja anahesabu nyumba, anachagua kaya, kisha mtu mmoja ndani ya kaya, mwanamke na mwanamume kwa zamu. Ukiambiwa aliyechaguliwa yuko shambani na atarudi jioni, unarudi jioni. Huruhusiwi kumhoji shemeji yake kwa sababu amekaa tu kibarazani na ana maneno matamu. Kila kiungo cha utaratibu huu kipo ili mwisho uweze kusema kwamba kiwango cha makosa ni asilimia 2 juu au chini. Ukimhoji shemeji, asilimia 2 hiyo inakuwa hadithi.

Nilijifunza siasa zaidi kwenye vibaraza hivyo kuliko darasani. Na kuna swali la mwisho kabisa kwenye dodoso la Afrobarometer ambalo wengi hawalijui: unadhani nani ametutuma tuje kukuhoji? Mdodosaji amejitambulisha mwanzo, amesema yeye si wa serikali wala wa chama, lakini baada ya saa nzima bado watu wengi hujibu "serikali". Watafiti waliochambua majibu hayo katika nchi mbalimbali wameonyesha kwamba wanaodhani serikali ndiyo iliyotuma huelekea kuisifu zaidi, hasa mahali ambapo kusema vibaya kuna gharama. Mama wa Iramba alitazama njia kabla ya kujibu. Kutazama njia hakuna kitufe kwenye kishikwambi.

Twaweza, taasisi ya kiraia, walichukua njia nyingine. Kwa Sauti za Wananchi, utafiti wao wa maoni kwa simu, waligawa simu na chaja za sola kwa kaya 2,000 za Tanzania Bara, kisha wakawa wanawapigia mara kwa mara kutoka kituo cha simu. Ni nafuu na haraka: serikali ikitangaza jambo leo, baada ya wiki chache una maoni ya nchi. Hasara yake ni kwamba mtu mmoja hupigiwa mara nyingi mpaka anageuka mzoefu wa kuhojiwa, na dodoso la simu haliwezi kuwa refu. Kabla ya hapo kulikuwa na Uwezo, ulioanza mwaka 2009 Afrika Mashariki kwa kufuata mfano wa ASER, upimaji wa elimu wa India. Watu wa kujitolea walikwenda nyumba kwa nyumba na karatasi ya kiwango cha darasa la pili kuona watoto wanaweza kusoma nini. Kama unapendelea viashiria vya jamii kuliko vya siasa, ule ni mfano wa kusoma kwa kina: kipimo kidogo, cha bei nafuu, kilichozifanya wizara zibishane kuhusu kujifunza badala ya idadi ya madawati.

Sasa upande wa pili. Julai 2018 Twaweza walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka asilimia 96 mwaka 2016. COSTECH ikaiandikia taasisi hiyo barua ikitaka maelezo kuhusu kibali cha utafiti. Baadaye mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ya 2015 ikarekebishwa, na kusambaza takwimu zinazopinga zile rasmi kukawa kosa. Benki ya Dunia ikaonyesha wasiwasi wake hadharani, na mwaka 2019 sheria ikarekebishwa tena, kikwazo hicho kikaondolewa. Nilikuwa kwenye fani wakati huo. Ninachokumbuka zaidi ni simu za wazazi. Kila mtafiti kijana alipigiwa na mama yake akiulizwa kama yeye ndiye yule wa kwenye magazeti.

Kwa hiyo kalamu ya mwisho kwenye taasisi huru mnashika ninyi wenyewe, na ndiyo raha yake. Lakini jina lililo chini ya namba ni lenu, na mradi ukiisha Juni, mshahara nao unaisha Juni. Nimefanya kazi miaka tisa kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Benki hazipendi mikataba ya namna hiyo ukiomba mkopo wa nyumba. Baba mkwe naye hakuipenda.

Ofisi ya takwimu: kila mtu anahesabiwa, si kila swali linaulizwa

Waliosoma siasa wana tabia ya kuidharau ofisi ya takwimu, kana kwamba ni mahali pa wahasibu wa watu. Ni kosa, tena la gharama. Bila sensa hakuna sampuli ya mtu yeyote. Yale maeneo 300 ninayoyasema yametoka kwao.

Ukubwa wa kazi yao haufanani na wa mwingine. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120, makarani wakitumia vishikwambi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ndio uliotupa ile asilimia 26.4 ya watu walio chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara, namba ambayo kila andiko la mradi liliinakili kwenye ukurasa wa kwanza. Huko mdodosaji hakai saa moja, hurudi kwenye kaya ileile siku baada ya siku akiandika kilo za unga na chumvi ya shilingi mia mbili. Ukitaka kujua namba nzito inavyopatikana, kasome dodoso lile.

Na namba za huku zinatembeza fedha. Mwaka 2020 Seneti ya Kenya ilivutana kwa miezi juu ya fomula ya tatu ya kugawa mapato kwa kaunti 47: idadi ya watu ipewe uzito gani, umaskini uzito gani, ukubwa wa eneo uzito gani. Kila seneta alikuwa na jedwali la kaunti yake mkononi. Kwa mtu wa siasa anayejua takwimu, ile ilikuwa karamu. Ugatuzi wa Kenya umezalisha kazi ambazo Tanzania hatuna kwa wingi huo, maana kila kaunti inahitaji mtu wa mipango anayeweza kusoma viashiria, na KIPPRA, taasisi ya serikali ya utafiti wa sera, ina mpango wa wataalamu vijana ambao ni daraja zuri kwa anayetoka chuo.

Lakini swali la yule mama? Hapa ndipo watu wa siasa wanaopenda namba huvunjika moyo. Ofisi ya takwimu itakuambia umbali kutoka kwake hadi zahanati, alijifungulia wapi, na kama kaya ina bima ya afya. Kama alitoa chochote kwa nesi, mara nyingi swali halimo kwenye tafiti zake kubwa. Tanzania utafiti wa kitaifa kuhusu utawala na rushwa umefanywa na TAKUKURU, mwaka 2009 na tena mwaka 2020. Fikiria unavyojisikia mtu akikugongea mlango, akajitambulisha kuwa anatoka chombo cha kuzuia rushwa, halafu akakuuliza kama umetoa rushwa. Si kwamba data hiyo haina thamani. Ina thamani kubwa, ila inasomwa kwa miwani yake.

Jambo jingine la kujua kabla hujatuma maombi kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira: tangazo la nafasi ya mtakwimu huandika shahada ya takwimu, hisabati, uchumi au fani zinazoshabihiana, na siasa mara nyingi haitajwi. Njia ya kupita ni kuongeza stashahada ya uzamili au shahada ya pili yenye takwimu ndani. Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika, pale Dar es Salaam, kimekuwa kikifundisha kazi hii tangu miaka ya uhuru, na nimeona watu wa sayansi ya jamii wakitoka pale wakiwa watu wengine kabisa.

Ukishaingia una ajira ya kudumu, pensheni, na usingizi. Jina lako halitaonekana popote. Kalamu ya mwisho anayo Mtakwimu Mkuu, na kwa kweli kwenye ofisi ya takwimu iliyo makini hiyo ni heri, kwa sababu tarehe ya kutoa mfumuko wa bei inatangazwa mapema na waziri hawezi kuisogeza kwa sababu ina habari mbaya. Kwenye ofisi isiyo makini ndiyo utajua maana ya kalamu ya mtu mwingine.

Mashirika na ushauri elekezi, kwa ufupi

Nitapita haraka, maana wanaouliza habari za mlango huu huwa wameshaamua, wanatafuta baraka tu.

Huku ndiko kuna fahirisi maarufu, yaani alama zinazolinganisha nchi na nchi. Benki ya Dunia ina viashiria vyake vya utawala, vilivyoanza na data za 1996, vinavyogawa utawala katika sehemu sita kwa nchi na maeneo zaidi ya 200. Mfuko wa Mo Ibrahim hupima utawala wa nchi 54 za Afrika. Transparency International, yenye makao Berlin, hutoa tangu 1995 ile fahirisi ya rushwa ambayo magazeti yetu huigeuza ligi: tumepanda, tumeshuka, tumewapita majirani.

Sasa mtafute mama wa Iramba ndani yake. Fahirisi ya Transparency hutokana na tathmini za wataalamu na watu wa biashara, hivyo yeye hayumo kabisa. Kwenye viashiria vya Benki ya Dunia yumo kama chembe, maana Afrobarometer ni moja ya vyanzo vingi vinavyochanganywa mpaka kupata namba moja. "Hapana" yake, iliyokuwa na soda ndani, imepigwa wastani na maoni ya mchambuzi wa hatari za uwekezaji ambaye huenda hajawahi kufika Singida. Hiyo ndiyo kazi utakayofanya: kuchanganya, kupima uzito, kuandika maelezo ya mbinu ambayo watu wachache watayasoma. Ni kazi ya akili nyingi, inalipa vizuri, na unapanda ndege.

Usidhani kalamu ya huko haina mkono nyuma yake. Benki ya Dunia yenyewe iliifuta ripoti ya Doing Business, iliyopanga nchi kwa urahisi wa kufanya biashara, mnamo Septemba 2021, baada ya kasoro za data kwenye matoleo ya 2018 na 2020 kubainika na wachunguzi kueleza shinikizo la wakubwa juu ya nafasi ya China. Waliofanya hesabu zile walikuwa watu wazuri, wenye uzamivu.

Kuhusu ushauri elekezi, yaani kuwa mtaalamu wa kukodiwa: hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi anayotoa mteja, ndizo zinazotunga swali, siku ulizolipwa ndizo zinazoamua sampuli, na ripoti ni mali ya mteja. Niliwahi kuandika moja kuhusu huduma za afya, kurasa 84. Mteja alilipa kwa wakati, akashukuru, akaifungia kwenye kabati. Fedha zile zilinunua bati za nyumba ninayoishi. Mvua ikinyesha naikumbuka ripoti.

Basi wewe nikuweke wapi?

Kama una watu wanaokutegemea kuanzia mwezi huu, na huwezi kukaa miezi miwili kati ya mradi na mradi, nenda ofisi ya takwimu au mipango ya halmashauri au kaunti. Usiende kwa kinyongo. Swali la hongo utaliacha, lakini maswali ya maji, ya shule na ya umaskini ni yako, na watu wanaoelewa siasa ndani ya ofisi hizo ni wachache mno kiasi kwamba utasikika.

Kama GPA inakuruhusu na una subira ya punda, chuo. Sharti langu ni moja: usiingie moja kwa moja kutoka darasani. Nenda kwanza ukawe mdodosaji kwa raundi moja, hata kama wenzako wa shahada ya pili wanaona ni kazi ya kidato cha sita. Mhadhiri aliyewahi kurudi jioni kumngoja mtu wa shambani anafundisha sampuli tofauti na yule aliyeisoma kitabuni.

Kama huwezi kuvumilia kusubiri ruhusa na ulimi wako ni mwepisi, taasisi huru itakufaa, ila weka akiba ya miezi sita na mwambie mzazi wako mapema. Kwa wengi wanaonijia hili ndilo jibu langu, angalau kwa miaka mitano ya mwanzo, kwa sababu ni hapa tu utakapogusa kazi yote kutoka kutunga swali, kulitafsiri, kuliuliza, kusafisha data, mpaka kujibu mwandishi wa habari anayetaka kichwa cha habari cha maneno matano.

Mashirika yasiwe mwanzo. Anayeanza huko hujifunza kupika bila kuijua sokoni bei ya nyanya. Wakati wako wa kwenda ni pale utakapokuwa na kitu ambacho wao hawana.

Na kabla ya kuchagua chochote, fanya hivi wikendi hii, haigharimu zaidi ya bando. Data za Afrobarometer zinapakuliwa bure. Chukua faili la Tanzania la raundi mojawapo ya karibuni. Tafuta swali la kituo cha afya, tafuta lile la mwisho la nani ametutuma, uyaweke kwenye jedwali moja: waliosema ni serikali upande huu, waliosema ni taasisi ya utafiti upande ule. Tazama kama "hapana" zinatofautiana. Kisha rudia kwa wanawake wa vijijini peke yao, uone idadi inavyopungua na kiwango cha makosa kinavyovimba. Faili liko kwa umbo la SPSS, programu ya takwimu; R, programu nyingine ya takwimu, hulifungua kwa kifurushi kinachoitwa haven, na usisahau kutumia uzani, safu ambayo jina lake huanza na withinwt. Ukifika saa nne usiku hujala na bado unataka kujaribu jedwali jingine, niandikie.